Diski inasema 512, ndani ni 4096: sekta mbovu na patisheni zilizokaa upande

Wakuu habari za jioni, na nyie mliokaa huko nyuma sogeeni mbele viti vipo, maana nitaandika namba ubaoni na bila kuziona hamtaelewa kitu. Nimeombwa niongee kuhusu diski, hasa sekta, vile vipande vidogo diski inavyohifadhia data, zinapoharibika, na patisheni, yaani migawanyo ya diski, zinapokaa vibaya. Na kwa kuwa wengi humu ndani ni mafundi, au ni wale ambao ndugu na majirani wakishajua tu unatumia Linux basi kila wikiendi unaletewa laptopu, sitawachosha na utangulizi. Naanza na kile kinachokuja mezani: mashine inaganda, unabofya folda taa ya diski inawaka haizimi, unasubiri nusu dakika nzima ndo inarudi, ukiangalia dmesg (ujumbe wa mfumo) unakuta imejaa I/O error, dev sda, sector na namba ndefu, na mwenye mashine kasimama pembeni anakwambia we ipige tu fomati uweke Linux upya.

Usiipige fomati, na fsck, ile programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, pia bado. Najua hilo linawashangaza wengine kwa sababu vitabu vyote vinasema faili zikisumbua kimbilia fsck, lakini fsck inaandika, inarekebisha, inahamisha vitu, na hapo inafanya hivyo juu ya diski ambayo haisomeki vizuri, kwa hiyo inaweza kukata folda nzima ambayo ulikuwa unaweza kuiokoa. Hata badblocks, ile ya kutafuta sekta mbovu, isiwe ya kwanza, hiyo inalima diski nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho na kama kichwa kinaelekea kufa unakimalizia.

Cha kwanza ni kuuliza diski yenyewe. Instoli smartmontools, inayosoma SMART, yaani rekodi ambazo diski inajiandikia kuhusu afya yake, andika smartctl -a /dev/sda, kama iko kwenye kava la USB ongeza -d sat maana bila hiyo makava mengi hayapitishi swali. Kuna mstari unasema PASSED, huo usiutilie maanani sana, diski inaweza kuwa na mamia ya sekta zisizosomeka na bado ikaandika PASSED, kwa sababu inapima kama imevuka kiwango alichoweka mtengenezaji mwenyewe, na viwango hivyo vingi vimewekwa mbali kweli kweli. Shuka chini kwenye jedwali. Namba 5 ni sekta ambazo tayari zimeshahamishwa, yaani diski imezikataa na kuweka za akiba. Namba 197 ni zinazosubiri, diski imejaribu kuzisoma imeshindwa, haijaamua bado. Namba 198 ni zilizoshindikana wakati diski inajikagua yenyewe. Na namba 199, hii ndo wengi wanairuka, ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi. Kama 5, 197 na 198 zote ni sifuri na 199 inapanda kila ukiangalia basi diski haina kosa, badilisha kebo ya SATA au ichomeke kwenye poti nyingine. Diski ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya kebo, we acha tu. Ila ujue 199 haishuki, ukibadilisha kebo namba inabaki pale pale, unachoangalia ni kama imeacha kupanda.

Sasa tuseme 197 siyo sifuri. Google mwaka 2007 walitoa utafiti wao kuhusu diski zaidi ya laki moja walizokuwa nazo kwenye seva, wakakuta kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la kusoma sekta kwenye ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ni mara 39 ukilinganisha na ile isiyo na kosa. Mara 39! Na upande wa pili walikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha chochote kwenye vile vipimo vinne vikubwa vya SMART, kwa hiyo ukiona sifuri zote usijidai uko salama, lakini ukiona namba imesimama pale ujue umepewa taarifa mapema, itumie.

Kuitumia maana yake ni kutoa data kwanza. Programu inaitwa GNU ddrescue, kwenye Debian na Ubuntu paketi yake inaitwa gddrescue na watu wengi wanainstoli nyingine kwa kuchanganya jina. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, butisha kwa fleshi ya Linux ili ile mbovu isiwe imeshikwa na mfumo, halafu:

ddrescue -d -f -n /dev/sda /dev/sdb rekodi.map

Kabla hujabonyeza enta angalia mara mbili ipi ni sda ipi ni sdb, tumia lsblk uone modeli na ukubwa, kwa sababu ile -f inamaanisha andika tu usiniulize, na ukigeuza umefuta ulichokuja kuokoa. Faili la rekodi.map liweke kwenye fleshi nyingine, siyo kwenye hizo diski mbili. Hilo faili ndo uzuri wenyewe, linaandika sehemu gani zimeshasomwa na zipi zimekataa, kwa hiyo umeme ukikatika au diski ikijizima unarudia komandi ile ile inaendelea ilipoishia. Mzunguko wa kwanza na -n unachota vyote vinavyosomeka kirahisi bila kubishana na sehemu mbovu, ukimaliza ndo unarudi na -r3 badala ya -n ikang'ang'anie zile zilizobaki. Dd ya kawaida haina akili hiyo, inafika kwenye shimo inatoa kosa na kuacha kazi hapo hapo wakati robo tatu ya diski bado haijaguswa.

Haya, data ipo pembeni, sasa tunaweza kupumua na kuongea kile nilichokuja kuongea hasa.

Diski yako inakudanganya. Zamani sekta ilikuwa baiti 512 kweli, nje na ndani. Watengenezaji wakaja na sekta ya baiti 4096 kwa sababu kila sekta inahitaji nafasi ya alama ya kuanzia na nafasi ya kusahihisha makosa, ukizifanya kubwa unapoteza nafasi kidogo na usahihishaji unakuwa na nguvu zaidi. Kuanzia Januari 2011 wakakubaliana kupitia chama chao cha IDEMA kwamba modeli mpya za laptopu na desktopu zote ziwe hivyo. Lakini mifumo yote duniani ilikuwa imezoea 512, BIOS, Windows XP, kila kitu, kwa hiyo wakaamua diski ijifanye. Nje inasema mimi nina sekta za 512, ndani zimekaa nane nane kwenye sekta moja halisi ya 4096. Ni kama muuza duka anayekuuzia sigara moja moja, wewe unahesabu sigara, yeye stoo anahesabu pakiti.

Kuona hilo andika lsblk -o NAME,PHY-SEC,LOG-SEC. Ikitoa 4096 na 512 basi ni hizo. Ikitoa 512 na 512 inaweza kuwa ya zamani kweli au SSD inayoficha mambo yake, na kuna baadhi ya Western Digital za mwanzo mwanzo, zile za familia ya EARS, zilikuwa 4096 ndani na bado zikaiambia Linux ni 512 pande zote, kwa hiyo soma na lebo. Na kwa kuwa diski za mtumba bado zinazunguka, hizo hizo EARS ukiikuta ina jampa, kile kiplastiki kidogo cha kuunganisha pini, kwenye pini 7 na 8 usiing'oe kabla ya kutoa data, ile jampa inasogeza hesabu yote ya sekta kwa moja, iliwekwa kwa ajili ya Windows XP, ukiitoa kila kitu kinahama na patisheni hazionekani.

Kwa nini XP? Kwa sababu XP na DOS na hata Linux za wakati ule zilikuwa zinaanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63, ni urithi wa enzi za kuhesabu vichwa na mizunguko, sekta 63 kwa kila mzunguko. Chukua 63 gawanya kwa 8, haigawanyiki, inabaki 7. Maana yake patisheni nzima imekaa upande, kila bloku, yaani kipande cha baiti 4096 ambacho ext4 (mfumo wa faili wa Linux) inaandikia, inaanzia kwenye kipande cha mwisho cha sekta halisi moja na kumalizikia kwenye vipande saba vya inayofuata. Kusoma siyo shida sana. Kuandika ndo balaa: mfumo unasema andika bloku moja, diski inabidi isome sekta halisi mbili, ibadilishe ndani, isubiri sahani, lile duara la ndani lenye data, izunguke tena, iandike zote mbili. Diski ya laptopu ya 5400 mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 11, inaonekana ndogo, sasa fikiria unafanya apt upgrade inayoandika maelfu ya faili ndogo ndogo. Ndo ile laptopu ambayo kila mtu anasema Linux ni nzito.

Windows toka Vista, na fdisk na parted za miaka hii, wanaanzia sekta ya 2048, yaani mebibaiti moja kamili, na 2048 inagawanyika kwa 8 bila bughudha. Kupima ya kwako ni rahisi, cat /sys/block/sda/sda1/start halafu gawanya kwa 8. Au parted /dev/sda align-check optimal 1. Fdisk -l nayo inalalamika yenyewe kwamba patisheni fulani haianzii kwenye mpaka wa sekta halisi. Lakini hapo ngoja, kabla hujaanza kuhamisha vitu angalia ni patisheni gani. Ubuntu nyingi za zamani zikijipanga zenyewe zinatengeneza sda2 ya ekstendedi inayoanzia 501758, hiyo haigawanyiki na fdisk itapiga kelele, ila ndani yake sda5 inaanzia 501760 ambayo inagawanyika safi. Ekstendedi ni boksi tu, haina mfumo wa faili ndani yake, kelele hiyo iache ipite. Nimeona watu wanafuta mashine nzima kwa ajili ya huo mstari mmoja.

Na kitu kingine niseme kwa sauti maana kinasemwa sana mitaani: patisheni kukaa upande haileti sekta mbovu. Inaleta uzito. Sekta mbovu zinaletwa na kuanguka, joto, uzee, vumbi lililoingia, na wakati mwingine umeme uliokatika katikati ya kuandika. Lakini yakikutana yote mawili kwenye diski moja, hapo ndo utaona ule uongo wa 512 unavyokuhangaisha, na hapa naomba mniangalie ubaoni.

Umefanya smartctl -t long, ule ukaguzi mrefu wa diski, umesubiri masaa yake, halafu smartctl -l selftest inakwambia kosa la kwanza liko LBA 1234561, yaani sekta ya 512 yenye namba hiyo ukihesabu toka mwanzo wa diski. Unachotaka ni kuilazimisha diski iamue, maana sekta inayosubiri inaamuliwa pale inapoandikwa, ikiandikika vizuri inaondolewa kwenye orodha ya 197, isipoandikika inahamishwa na namba 5 inapanda. Kwa hiyo mtu anasoma mtandaoni anachukua hdparm --write-sector 1234561, inakataa, kosa la kuandika. Anarudia, inakataa. Anahitimisha diski imekufa. Haijafa! Umeiambia iandike baiti 512, lakini ndani inaandika 4096, kwa hiyo lazima kwanza isome zile 4096 ili ibadilishe kipande chako kimoja, na hiyo sekta ndo haisomeki. Inashindwa kusoma, siyo kuandika. Dd ya bs=512 bila oflag=direct inaangukia shimo hilo hilo, maana keneli, kiini cha Linux, nayo inataka kusoma ukurasa mzima kwanza.

Dawa ni kuandika zote nane kwa mpigo, zikiwa zimekaa kwenye mstari. 1234561 gawanya kwa 8 tupa desimali, unapata 154320, yaani sekta halisi inaanzia LBA 1234560 mpaka 1234567. Basi:

dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=4096 seek=154320 count=1 oflag=direct

Hiyo inafuta kabisa baiti 4096 hizo, ndo maana nimesema data itoke kwanza, patisheni zisiwe zimemauntiwa, na namba uisome kwa kidole siyo kwa macho tu. Baada ya hapo hdparm --read-sector 1234561 inatakiwa irudishe sifuri tupu. Ukirudi kwenye smartctl 197 imeshuka. Kama 5 haijapanda maana yake sahani yenyewe ni nzima, ule ulikuwa uandishi ulioharibika, mara nyingi ni umeme. Kama 5 imepanda ni doa la kweli.

Na kabla hujafuta unaweza kujua ni faili gani limekaa hapo. Fomula ni LBA toa mwanzo wa patisheni gawanya kwa 8, kwa bloku za 4096. Patisheni ikianzia 2048 unapata bloku 154064, moja tu. Unaingia debugfs /dev/sda1, unaandika icheck 154064 inakupa namba ya inodi, yaani utambulisho wa faili ndani ya mfumo, halafu ncheck na namba hiyo inakupa njia ya faili. Ikisema bloku haina mwenyewe, furahi, hujapoteza kitu. Sasa hesabu hiyo hiyo na patisheni iliyoanzia 63: LBA 1234560 mpaka 1234566 zinaangukia bloku 154312, na ile ya mwisho 1234567 inaangukia 154313. Sekta halisi moja mbovu, bloku mbili zimeumia, pengine za faili mbili tofauti kabisa. Wewe umeangalia moja, ukaona ni picha ambayo unayo kwingine, ukaandika sifuri, kumbe umekata kipande cha baiti 512 kwenye hifadhidata ya mteja na hakuna kosa lolote litakalotokea kwenye dmesg, faili litasomeka vizuri tu likiwa limeharibika. Kwa patisheni iliyokaa upande angalia bloku zote mbili kila mara.

Kuna swali nalijua linakuja, kwamba sasa si nimeshafanya ddrescue kwenye diski mpya, niichomeke tu niendelee? Itabuti, ndiyo. Lakini ddrescue inakopi diski nzima kama ilivyo pamoja na ule mwanzo wa 63, kwa hiyo umetoa patisheni kwenye diski ya zamani ambayo pengine ilikuwa 512 kweli na haikuwa na shida, umeiweka juu ya diski ya 4096 ambayo sasa itakuwa nzito kuliko ile mbovu. Ile kopi ichukulie kama chanzo. Fsck ifanye hapo kwenye kopi, siyo kwenye ile mbovu. Halafu kama una nafasi, tengeneza jedwali jipya kwenye diski nyingine, parted -a optimal, mkpart primary ext4 1MiB 100%, weka mfumo wa faili, hamisha kwa rsync -aAXH, badilisha UUID (kitambulisho cha patisheni) kwenye fstab, ile orodha ya patisheni za kumaunti, rudisha grub inayobutisha mfumo. Kama huna diski ya tatu GParted inaweza kusogeza patisheni iende kwenye mebibaiti, inachukua muda mrefu na umeme usikatike katikati, kwa desktopu isiyo na yupiesi mimi nisingethubutu.

Makava ya USB nayo yana vituko vyake. Yapo yanayosema saizi bora ya kuandikia ni baiti 33553920, ambayo ukigawanya kwa 512 ni 65535, na parted kwa utiifu wote inapanga patisheni ianzie sekta 65535, namba witiri, gawanya kwa 8 inabaki 7, umerudi pale pale pa 63 na align-check inakwambia aligned. Angalia /sys/block/sdb/queue/optimal_io_size, ukiikuta namba hiyo panga kwa mkono uanzie 2048s na parted ikilalamika iache ilalamike. Na yapo mengine yanageuza hesabu, yanaiambia kompyuta sekta ni 4096 nje pia, ukitoa diski humo ukaichomeka moja kwa moja kwenye SATA jedwali la patisheni linasomwa vibaya na unaona diski tupu. Usiifomati, irudishe kwenye kava lake.

Mwisho, diski uliyoiandika sifuri ikatulia, utaendelea kuitumia? Mimi hivi: kama namba 5 haikupanda na ukaguzi mrefu umepita, irudi kazini ila siyo na kitu ambacho hakina bekapu. Kama 5 imepanda kidogo ikasimama, iweke ya muvi na miziki. Kama kila wiki inaongezeka, itoe, na mwenye mashine mwambie ukweli hata kama ulishachukua hela ya kazi. Kuifuatilia washa smartd, kwenye /etc/smartd.conf weka mstari /dev/sda -a -s (S/../.././02|L/../../6/03), itajikagua kidogo kila siku saa nane usiku na ukaguzi mrefu kila Jumamosi saa tisa usiku. Laptopu inayozimwa usiku badilisha saa hizo ziwe za mchana, vinginevyo haitakagua chochote.

Haya, aliyekuja na diski yake aitoe, na huyo mkuu mwenye kava jeusi pale nilimwona toka mwanzo, tuanze na yako.